Sayari Isiyo na Mtu

Walikuja Mei, theluji ingali imejificha vivulini,
malori kumi na saba, na bwana wa koti jepesi
aliyesimama uani pangu akautazama mlima
kama mtu atazamavyo ng'ombe wa mnadani.
"Hapa," akasema. "Hapa ndipo chombo kitakapoanguka."

Nikamwambia vimeanguka vingi hapa:
majivu ya volkano, mwaka ule
bibi wa bibi yangu alipochemsha ngozi ya viatu;
ndege moja, wakati wa vita;
na mume wangu Ketill, kutoka juu ya trekta,
mara mbili, bega la kushoto kwanza.
Hakucheka. Akauliza kama mlima una jina.
Unalo. Halikumkaa mdomoni.
Wakauita Eneo la Nne.

Mgeni siku mbili. Ya tatu wakashika jembe wenyewe,
wakachimba shimo la ajali, refu kama kanisa letu.
Walilipa, sisemi uongo:
bati la zizi ni jipya, na deni la benki limefumba jicho moja.

Mwanangu Hallvarður wakampa kazi ya kuwa kiumbe:
siku ishirini na mbili ndani ya ngozi ya mpira,
macho sita, mkia wenye mtumishi wake wa kuubeba.
Mchana alikuja jikoni vivyo hivyo
akanywa supu kwa mrija,
na Kolur, mbwa aliyemlea kwa chupa,
akamnusa goti, akajilaza miguuni pake.
Mbwa hajasoma muswada.

Nahodha wao alikuwa binti wa miaka ishirini na minne.
Alivua kofia ya kioo, akavuta pumzi, akalia kwa furaha:
"Kuna hewa!"
Mara kumi na nne. Upepo ulikuwa ukiwaharibia sauti.
Nami dirishani:
ipo, mwanangu, ipo tangu zamani,
ingia basi, kahawa inapoa.

Novemba tukaenda Akureyri kuitazama,
mimi na sweta langu la harusi,
Ásgerður wa shamba la pili na sindano zake za kufumia.
Mlima wangu ukatokea, mkubwa kuliko ulivyo,
juu yake miezi miwili, mmoja mwekundu kama kiini cha yai.
Nikaitafuta nyumba.
Haikuwa imebomoka, wala haikuwa imeungua.
Haikuwapo, kama unga uliofutwa mezani.
Zizi, hakuna. Kanisa, hakuna,
na pale Ketill alipolala, nyasi za zambarau.
Nahodha akasoma kifaa chake, akatangaza:
"Sayari hii haijawahi kukaliwa."

Watu wetu walicheka. Kisha hawakucheka.
Sindano za Ásgerður zikasimama katikati ya mshono.

Ndipo Hallvarður akatoka pangoni,
mikono imeinuliwa, macho yote sita yamefumbuliwa,
kwa namna anavyotoka kuwapokea watu getini.
Wakampiga kwa mwanga.
Akaanguka, bega la kushoto kwanza.
Hilo hakufundishwa na mtu wa filamu.

Lakini ngoja. Pembeni, chini ya mwezi wa pili,
kuna nukta nyeupe ambayo kompyuta zao zilisahau kuifuta.
Inasogea. Inakula zambarau.
Nikasimama kitini, nikapiga kelele ukumbi mzima ukageuka:
"Gribba!"
Kondoo wangu yule wa sikio lililochanika,
asiyewahi kukubali ua wa mtu yeyote.

Januari imekuja barua. Wanataka sehemu ya pili.
Wanauliza, kwa adabu, kama eneo lingali tupu.

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi.
Nje Gribba anatafuna waya walioacha.
Nimeandika Skuggahnjúkur, jina la mlima,
herufi zote, bila kuwarahisishia,
na chini yake
bei mpya.