Kabla ya Barabara ya Kwanza

Saba mara nane.
Mpaka leo, na mvi hizi, likija swali hilo
kiganja changu cha kushoto hujikunja chenyewe.
Mwalimu Shekalaghe hakuwa mtu mbaya,
Ijumaa alitugawia kashata zilizopikwa kwake,
lakini siku ya tebo alishika fimbo ya mkwaju
akaanzia dawati la nyuma, akija mbele,
nami nikihesabu, si saba, si nane,
nikihesabu vichwa vilivyobaki kabla ya changu.
Hesabu ile sikuikosa hata siku moja.

Nikawa mwalimu wa hesabu. Usicheke.
Darasa la sita, Ngamiani, watoto sabini na watatu,
vitabu kumi na vinne.
Mwantumu hukaa dirishani.
Ukimwita ubaoni chaki inalowa mkononi mwake.
“Kwetu hatuna kichwa cha hesabu, mwalimu.
Mama hana, shangazi hana,
dada aliyeko Pongwe alipata sifuri.”
Huitaja sifuri kama jina la ukoo.

Jioni moja nilimkuta na machungwa ya Muheza,
matatu kwa mia tano.
Nikachukua kumi na mawili, nikatoa elfu tano,
chenji ikanifikia kabla sijafunga mfuko.
“Unaona? Hesabu unaijua.”
Akanitazama kwa huruma:
“Hii si hesabu. Hii ni biashara.”

Jumatatu niliandika: tatu toa tano.
“Haiwezekani!” darasa zima, kama dua.
Nikafuta. “Mwantumu, unakaa barabara ya ngapi?”
“Ya tatu.”
“Rudi nyuma barabara tano. Kaa hapohapo, usisimame.”
Kimya.
Mkono wa Kihiyo ukapaa, kama kawaida yake,
nami kwa kawaida yangu ningempa.
Nikauma ulimi.
Nje mtu alikuwa anafagia, nikasikia ufagio wote.

“Ya pili. Ya kwanza…
Barabara zinaisha, mwalimu. Pale pana reli.”
“Vuka.”
“Basi niko mjini. Barabara ya tatu, ng’ambo.”
Wakacheka. Kiganja changu kikajikunja.
“Hata mimi ningesema tatu,” nikasema.
“Reli umeikanyaga, au umeiruka?”
Vidole vyake vikatembea juu ya dawati,
vikasita mahali, vikavuka.
“Reli nayo ni hatua,” akasema, si kwangu.
“Mbili. Mbili za upande ule.”

Sitakudanganya. Jaribio lililofuata
alipata kumi na tisa kati ya hamsini.
Karatasi imetobolewa kwa ufutio,
na chini, kwa penseli, amechora reli ndogo,
mataruma yake yote, namba kila upande.

Saba mara nane aliiacha wazi.
Sikutia mkasi.
Nilikaa nayo kitambo, chai ikapoa,
kisha nikaandika pembeni, kwa wino mwekundu:
nami pia.