Robota Moja

Mimi ni fundi wa sare. Januari ikifika
nakata sketi mia mbili za buluu
kutoka robota moja la Eastleigh,
na hakuna mzazi atakayeweka ya mwanawe
kando ya ya jirani akaona tofauti.
Nikadhani kuku nao ni vivyo hivyo.

Ambetsa aliniuzia jogoo na koo soko la Burma,
bantamu, wadogo kama birika,
miguu imevishwa manyoya mpaka kwenye kucha,
rangi yao ile ya mbingu za Nairobi mwezi wa Julai
zinapokataa kunyesha na kukataa kutakata:
buluu ya moshi, kila unyoya
umepigwa pindo kwa uzi mweusi.
Nilikagua. Sikuona mshono ulioruka.
"Buluu kwa buluu," akasema, "utapata nini kingine?"

Nikawapandisha ghorofa ya tano, Umoja,
nikawapa banda la makreti
kati ya tanki la maji na kamba za kuanikia.
Koo akalalia kumi na mbili,
akinivimbia kila nipitapo na beseni.
Moja likawa viza.
Kumi na moja yakatoa vifaranga:
wanne weusi kama sufuria ya githeri,
wawili weupe wenye matone, kama shati
lililoloweshwa na soksi inayochuja,
watano tu
waliofanana na wazazi.

Mama Gesare wa nyumba namba nane alichungulia, akacheka.
"Koo wako ametoka nje."
Atoke nje aende wapi, ghorofa ya tano?

Lakini hasira ilinikaa. Nimeuziwa kitambaa kibovu.
Wale wa matone nikawawekea Krismasi.

Ndanu, binti ya kaka yangu, kidato cha tatu,
aligeuza bili ya stima (ile ambayo hatujalipa)
akachora kisanduku cha vyumba vinne.
"Shangazi, buluu si rangi. Ni nusu ya safari.
Kuku huyu ni mweusi. Ampe mzazi mmoja
kitu cha kupausha, weusi unapoa, unakuwa mawingu.
Wampe wote wawili, unapauka mno,
yanabaki matone."
Akaandika: robo, nusu, robo.
"Ambetsa hakudanganya. Hakumaliza tu."

Na buluu tupu? Bila robo, bila nusu?
Kalamu ikaelekea juu, kwenye paa,
kwa wale niliowapimia vitunguu.
"Mweusi na huyo wa matone. Waozeshe."

Sikuamini. Nilifanya tu,
kama unavyomjaribishia mteja mbishi
nguo unayojua haitamtosha.
Pora mweusi alikuwa ameota undu,
tembe wa matone ameanza kutaga
viyai vya kuficha kiganjani.
Usiku wa ishirini stima ikapotea mtaa mzima,
nikapanda gizani, nikasikia
ko, ko, chini ya manyoya,
kama sindano inayogonga bamba la cherehani.

Tisa.
Niliwageuza mmoja mmoja kwa mwanga wa simu
kama mtu anayekagua noti.
Tisa, buluu, wote,
kwa baba asiyekuwa nayo
na mama asiyekuwa nayo.

Mteja wa Lang'ata ameshika wawili kifuani.
"Na hawa watazaa hivi hivi?"
"Nusu," namwambia. "Ukitaka zaidi, usichinje wale wengine."
Anadhani namfanyia mzaha, anapunguza bei.
Yule wa matone siuzi.

Asubuhi nawatupia mtama,
chini wanafunzi wanapanga mstari langoni,
sketi zangu, buluu moja, arobaini na kitu.
Namtafuta Ndanu, namkosa.
Kisha mmoja anainamisha shingo upande
kama anayesikiliza redio ya jirani.
Shingo ya mama yangu, hiyo.
Kaka hakuwa nayo.