Masikio ya Katekista

Pikipiki ilinishusha penye kichuguu kilichokatwa nusu
kama mkate. Saa mbili na nusu kutoka Lubumbashi,
vumbi jekundu lilikwisha kunifanya tofali.
"Kafundo ndiyo hii," kijana akasema, akageuza.
"Mchana nitakufuata. Jioni mimi huku sikai."

Mama Mpundu ana funguo tano kwenye kamba ya raba,
tiketi ndani ya mkebe wa maziwa,
na sauti ya mtu aliyesimulia jambo
mpaka jambo likawa laini kama mpini wa jembe.

Kwanza shimo.
Hapa walikaa wala shaba. Miaka mia sita,
labda saba, nani alihesabu?
Kiangazi walichimba, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu,
wakaimimina shaba mchangani, ikalala msalaba:
mikono minne sawasawa, hauna juu, hauna chini.
Ulinunua jembe. Ulioa mke.
Maiti aliwekewa kifuani.
Hakuna aliyewahi kupigiliwa juu yake.

Padri wa kwanza alipofukua makaburi
akaiona, akapiga magoti, akalia kweli,
akidhani mtume fulani alimtangulia.
Wakamweleza kwamba ni mahari.
Akainuka, akapangusa magoti, akaomba matofali.

Kichuguu kilichokuwa karibu ni cha mizimu.
Ndicho kilichokatwa.
"Ukuta huu," anasema Mama Mpundu, "usiuegemee."
Nikatoa mkono.

Kisha watu wa Mnara, Kitawala.
Kitabu kilekile, ila kilisomwa usiku,
taa ya mafuta chini ya shuka.
Walizamishana mtoni, maji ya shingo, mwezi wa sita, baridi.
Wakasema kodi ni ya Kaisari,
na Kaisari hatujamwona akilima hapa.

Jumapili moja, misa ikaisha, lori lilikuwa nje.
Katekista akasimama kwenye ngazi akasoma majina.
Thelathini na moja.
"Alisoma vizuri," anasema. "Hakukosea hata herufi.
Babu yangu alikuwa wa tisa."
Wakarudi wanne.
Ananihesabia kwa vidole, kidole gumba hakihusiki.

Siku hizi kuna kanisa la mabati, lina vipaza sauti.
Mchungaji wake alikuja na nyundo,
akavunja misalaba yote, ya padri na ya wala shaba,
kwamba yote ni uchawi.
Ya mbao akaichoma.
Ya shaba akaiuza kwa kilo.

Mimi begini nina mmoja, ndani ya kitenge.
Niliukuta chini ya sanduku la babu, kule Kamalondo,
babu aliyetusomea gazeti kwa sauti kila asubuhi,
hata bei ya mahindi ikawa kama Injili,
na Jumapili hakula chochote mpaka jua lipite utosini.
Hatukuuliza. Tulidhani ni tumbo.
Chini ya msalaba, karatasi: majina thelathini na moja,
mwandiko wake, na kila jina alama ya penseli.
Ya kuombea?
Ya kuhakikisha?

Mlangoni kuna daftari la wageni.
Jina. Unakotoka. Maoni.
Nikaandika nusu ya jina.
Mama Mpundu hakulitazama. Alinitazama mimi, ubavuni.
"Katekista naye alikuwa na masikio hayo,"
akasema, akanirudishia chenji,
franga mia tano, kamili.

Nikafungua begi. Msalaba akaupima kiganjani,
akaugeuza, akaugeuza tena, kana kwamba anatafuta juu yake.
Karatasi hakuipokea.
"Mimi kusoma sikufundishwa. Soma wewe."

Nikasimama. Sikujua kwamba nimesimama kwenye ngazi.
Mbali pikipiki ilikuwa inakuja, ikizama bondeni, ikitokea.
Nikasoma la kwanza. La pili. Kuku akapita.
Nilipofika la tisa
sauti yangu ilikuwa nzuri.
Hilo ndilo lililonitisha.