Mkono wa Kushoto

Nilikupima kwa futi kamba, Tukuyu, mwezi wa nne,
mvua ikilipiga bati mpaka tukaongea kwa mikono.
Kifua, sawa. Mgongo, kama wa mpasua mbao.
Mkono wa kulia, inchi ishirini na mbili.
Wa kushoto, ishirini, na haunyooki.
Nikasema, "Nyoosha."
Ukasema, "Hapa ndiyo mwisho wake."

Jina lako, Fumie, kwetu ni nusu ya ombi:
nifumie, mama, sweta la mwanangu wa kidato cha kwanza;
nifumie kofia, baridi ya Rungwe imenuna.
Nikacheka, uzi ukanikatikia.
Ukauliza kinachochekesha. Nikakuonyesha mashine:
hii ndiyo kufuma. Na hii, nikavuta uzi, ndiyo kufumua.
Ukaitikia kwa kichwa, taratibu,
kama mtu aliyefanyiwa yote mawili.

Ulikuja kufundisha hesabu.
Mambo ya ulingoni tuliyapata vipande vipande,
kwa Kiswahili chako cha miezi minne:
ukumbi juu ya duka la samaki, Osaka; una miaka kumi na saba;
baba hajui, mama anajua na ananyamaza.
Pambano la kwanza, sekunde arobaini. Ulishinda,
ukalia kuliko uliyemwangusha.
Yote kumi na tisa. Ulishinda kumi na moja.
Mchana ulifunga maboksi ya dawa kiwandani,
usiku ulijinyima wali hadi mizani ikubali,
ukitema mate kwenye chupa upunguze gramu mia.
Mwalimu Nsajigwa hakuamini: mtu alipwe kwa kupigwa,
halafu alipwe kidogo kuliko mwalimu!
Masikio yako yalikunjamana kama uyoga wa masika.
Watoto waliomba kuyagusa.
Uliinama, wakayagusa.

Na ule mkono.
Raundi ya pili, Sapporo, theluji nje,
mwanamke mwenye nywele za kusuka
aliuvuta kama ang'oaye gimbi.
Mwamuzi alikutazama. Ungegonga mara tatu, yangeisha.
Hukugonga.
"Kwa nini?"
Ulifikiri muda wa birika kuchemka.
"Mama alikuja kuangalia. Mara ya kwanza."

Nikakwambia: huku, kugonga mara tatu ni hodi.
Anayegonga anaomba kuingia.
Ukasema ulingoni anayegonga anaomba kutoka.
Tukanywa chai. Mvua haikuuliza kitu.

Kesho yake ulinunua magunia kumi na mawili ya viazi, matupu,
tukayajaza maranda,
nikayashonea turubai juu, vidole vikaota malengelenge,
ukawaita wasichana wa bweni.
Somo la kwanza halikuwa kuangusha.
Lilikuwa kugonga: kwenye turubai, kwenye bega, kwenye paja,
hata kwa mguu, mikono ikiwa imefungwa.
Ambwene, binti wa muuza ndizi wa Kiwira, akakataa.
"Mimi sigongi, madamu."
Ulipandisha mkono wa sweta, ukamwonyesha kiwiko.
Hukusema neno.
Akakibonyeza kama anayepima parachichi,
kisha akagonga, mara tatu, palepale juu yake.

Sweta hilo lilikuwa la kijani, kazi yangu,
mkono mmoja mfupi kwa inchi mbili.
Stendi walidhani nimekosea.
Sikuwajibu. Nilipoteza wateja wawili.

Uliondoka Juni, baridi haijakomaa.
Begi lako uliliweka mzanini mara mbili; mazoea.
Siku hizi jioni wananilaza na mimi,
mwanamke wa miaka hamsini na mbili, magoti yanalia.
Ambwene ananibana shingo kwa adabu zote. Nagonga.
"Karibu," anasema, na haachii upesi, mshenzi yule.

Kuna sweta jingine kwenye mashine, la bluu.
Nimemaliza mgongo, nimemaliza kifua na mkono wa kulia.
Sijui kama ule mwingine umenyooka kidogo
au umejikunja zaidi.
Andika inchi.