Mrija wa Mama

Mrija huu wa shaba ulinilipia ada mpaka la saba,
kisha ukampeleka mama Isanga, miezi sita.
Ulikuwa unatoa gongo, tone kwa tone, nyuma ya tembe,
mbwa wameshibishwa wasibweke.
Aliporudi hakuugusa. Aliuviringisha kwenye kitenge,
akautupa darini, akasema tu:
shaba haiozi.

Mwaka huu nyanya zangu, hapa Hombolo chini ya bwawa,
ziliingiwa na bakajani.
Umande wa siku nne mfululizo, halafu doa la kahawia,
duara ndani ya duara,
kama mtu ameweka kikombe kichafu juu ya jani,
akakiinua,
akakiweka tena.

Dawa ya dukani naijua. Mwaka jana niliikopa,
ikanipa nyanya nzuri na kikohozi,
na deni lililoiva kabla ya nyanya.

Chidawali, bwana shamba, alikuja na pikipiki yake isiyo na taa.
Akachuma jani, akaligeuza, akanyamaza.
Kisha: "Mchaichai unao?"
Upo, wa chai.
"Na kivumbasi?"
Kinajiotea, nani atakipanda?
"Basi keneka."

Keneka.
Miaka ishirini na miwili neno hilo halijatamkwa uani kwetu.
Kuku wenyewe walisimama.

Nikapanda darini.

Gunia zima la majani, sufuria ya msibani,
udongo mbichi kuziba mdomo, beseni la maji baridi.
Mvuke ukapita mle mlimopita ada yangu ya shule,
na mwishoni, juu ya maji, utando mwembamba wa manjano.
Gunia zima! Na hayakujaza kizibo cha soda.

Moshi hauna siri. Mlahagwa akaja, mgambo mstaafu,
yeye yule aliyembeba mama.
Aliutambua mrija kabla hajanitambua mimi.
"Hii pombe ya nani?"
Ya nyanya.
Akachovya kidole, akalamba, akatema,
mdomo ukamwaka mpaka jua la magharibi.

Nami nikakosea. Nilimimina kwa mkono wa mpishi,
saa saba mchana, bila kipimo, nikidhani
kilicho kikali zaidi ndicho dawa zaidi.
Kesho yake tuta la kwanza lilikuwa limeungua
kama nimelipiga pasi.

Sasa nahesabu. Matone, si vijiko.
Sabuni ya maji kidogo, iwapatanishe mafuta na maji,
mahasimu wale wa tangu na tangu.
Jioni, upepo wa Dodoma ukishachoka kutupigia kelele.
Na baada ya siku saba, tena. Na tena.

Sitasema uongo: jani lililokufa limekufa.
Doa halifutiki, wala harufu haifufui.
Ila majani mapya yalitoka yakiwa safi,
na ukungu ukafika ukingoni mwa tuta la sita
ukasita, kama mgeni aliyesikia ugomvi ndani.
Matuta kumi na mawili nilipanda.
Nimevuna saba.

Sokoni Majengo mteja mmoja alinusa nyanya, akaniuliza:
mbona kama unauza chai?

Mama macho yameingiwa na mtoto wa jicho.
Lakini nikiwasha moto husogeza kigoda,
huinamisha kichwa upande wa mrija,
anasikiliza.
"Punguza kuni," husema. "Linakimbia hilo."
Napunguza. Tone linatulia.
Hakuna aliyemfundisha mchaichai;
moto alifundishwa zamani, na kwa bei kubwa.

Jana Mlahagwa alipita njiani, akasimama kwenye uzio.
"Mbukwa," akaamkia.
Mama aliinua mkono asubiri,
maana alikuwa kwenye tone la arobaini na tatu.