Saruji Mbili

Alfajiri ya tatu tangu wadi kushuka
nilikanyaga maji ndani ya ghala ya tende.
Si mengi, ya kulowesha nyayo tu,
ila baridi yake ilipanda hadi magotini.

Nyumba ni ya babu yake mama, hapa Ibra,
udongo na makapi, unene wa ukuta dhiraa mbili,
na chini yake chumba kisicho na dirisha.
Sakafu imechongwa vijito vyembamba
ili makanda ya tende yakirundikwa
yajikamue yenyewe, asali ishuke tone tone
mpaka kwenye mtungi uliofukiwa pembeni.
Tende hakuna tena. Vijito vinapitisha maji.
Vinaijua kazi, havikuuliza kinachopita.

Mwaka juzi mama alipapasa ukuta akasema:
"Unatoka jasho huu. Tieni saruji."
Kaka yangu Hilali, mzaliwa wa Ng'ambo,
kijana wa amri moja, akaleta magunia ishirini
begani, moja moja, ngazi ile nyembamba,
akapiga lipu ya kijivu mpaka usawa wa kiuno.
Tulisimama na taa tukamsifu.
Mama hakuona. Macho yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu.

Leo amekuja Abul Bashar, fundi, mtu wa Chatgam.
Anagonga lipu kwa kifundo cha kidole
kama daktari anavyogonga kifua,
hapa ngo, hapa ngo, hapa bu.
Akachomeka patasi. Kipande kikaanguka kizima,
na nyuma yake udongo ukamiminika
kama uji uliosahaulika jikoni.
"Mmemziba pumzi," akasema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga,
"maji yameingia, hayana pa kutokea.
Huyu anataka saruji."
Nikamwambia, hiyo uliyoibomoa ndiyo saruji!
Akanitazama. Akatoa mfukoni kigae chekundu,
udongo uliookwa kwa magogo ya mtende,
akausaga kwa kisigino, vumbi la rangi ya henna.
"Hii," akasema. "Saruji."

Nilipanda juu na vumbi lile kiganjani.
Mama, ulisema saruji?
"Nilisema."
Ya wapi?
Akanusa. Akanyamaza muda wa kumenya chungwa.
"Ya hapa. Nilisema Kiswahili,
lakini neno lenyewe lilikuwa la hapa."

Aliondoka Ibra na miaka saba,
akarudi na arubaini na watoto watano,
na katika shehena yote ile, masanduku na sufuria,
neno moja lilivuka mara mbili
likarudi na maana ya pili, hakuna aliyelikagua.

Simuni Hilali alikaa kimya.
"Magunia ishirini, Thureya," akasema mwishowe.
Sikumjibu. Mgongo wake nami niliukanda.

Tulifundishwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hatukuambiwa kwamba ufa mwingine
ni pua ya nyumba.

Chanzo tumekipata: mfereji wa falaji,
nyuma ya mdimu, umepasuka upana wa ukucha.
Wakili wa falaji kasema mpaka Alhamisi,
zamu ya maji haifungwi kwa ajili ya mtu mmoja.
Basi tunaoka udongo uani. Moshi.
Jirani, Bi Shinuna, kaanua nguo zake kwa kelele
kisha kaleta halua, kaketi kutazama.

Ukuta umebaki uchi, una chumvi nyeupe kama ndevu.
Kila asubuhi nateka maji mtunginí kwa finjani ya kahawa.
Jana kumi na nne. Leo kumi na moja,
na ya kumi na mbili nusu, yenye mchanga.
"Ngapi?" mama anauliza kutoka juu.
Kumi na moja, namwambia.
"Na nusu," anasema. "Nimesikia ukikwangua."