Ukurasa wa Tatu

Mwongozo niliuandika mimi, Tandahimba,
ofisi ya chama cha msingi, feni imekufa,
salfa ya mikorosho inanuka hadi kwenye kibodi.
Ukurasa wa tatu ukasema:
Kutafuta, andika jina la mkulima.

Somoe Nalinga, karani wa siku mbili,
akaandika vilevile: jina la mkulima.
Mashine ikajibu: hakuna.
Akarudia kwa herufi kubwa.
HAKUNA, nikasikia mimi.
Dirishani Issa Chilumba ameikunja stakabadhi mara nne,
kilo mia tatu na kumi, malipo bado.

Nikataka kucheka. Kisha nikasoma nilichoandika.

Nikafuta. Nikaweka jina la mtu aliyesimama pale:
Issa Chilumba, peke yake, huleta
kila Issa wa Newala, kila Chilumba wa Kitama.
"Issa Chilumba", ndani ya alama za mtajo,
huja wameshikana mikono.
Chil* ni kusema: malizia wewe, mimi nimesahau.
Na kistari cha kutoa kigandishe kwenye neno,
usiache nafasi, la sivyo hakitoi kitu:
Chilumba -marehemu.

Issa akaonekana, mstari wa kwanza.

Jioni Somoe akajaribu la kwake:
Nalinga -marehemu. Mistari sita.
Akafuta kistari na neno lake.
Saba.

"Huyu baba," akasema.
"Magunia kumi na moja, msimu wa juzi."

Mwongozo unakwenda Masasi kesho kuchapwa.
Ukurasa wa tatu bado uko wazi mbele yangu.